Ajali isiyoandikwa haiwezi kuzuiwa

Barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye hukata nchi ya Kabras katikati. Hupita Lubao, ikaingia Malava, kisha ikaendelea kaskazini. Ni sehemu ya barabara kuu iitwayo A1, itokayo mpaka wa Tanzania kule Isebania na kupitia Kisumu hadi Kitale na Turkana. Juu yake hupita malori ya masafa marefu, mabasi ya usiku, matatu, trekta za miwa ziendazo kwenye viwanda vya sukari vya West Kenya na Butali, pikipiki, baiskeli, watoto wa shule na akina mama watokao sokoni na mizigo kichwani.

Kila mkazi wa huko ana ajali anayoikumbuka. Lakini ukiuliza ni watu wangapi walioumia mwaka jana kati ya Lubao na Malava, saa ngapi, na waligongwa na nini, jibu litategemea daftari utakalofungua. La polisi litasema hili, la hospitali litasema lile, na la naibu wa chifu litasema jingine.

Huenda msomaji akajiuliza, hesabu za ajali zinahusiana vipi na ukurasa wa afya? Zinahusiana sana. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 ulimwenguni. Miongoni mwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna ugonjwa wala janga jingine linaloua wengi zaidi. Ajali basi ni ugonjwa kama malaria au kipindupindu: una vyanzo vyake, una majira yake, una watu unaowapenda na mahali unapoota mizizi. Na kama ugonjwa wowote, hauwezi kutibiwa kabla ya kupimwa.

Hesabu mbili za nchi moja

Katika ripoti ambayo WHO ilitoa mwaka 2018, Kenya ilikuwa na hesabu mbili za mwaka mmoja. Hesabu ya serikali ilisema watu 2,965 walifariki barabarani mwaka 2016. Makadirio ya WHO yenyewe yalikuwa vifo 13,463. Kwa maneno mengine, kwa kila marehemu mmoja aliyeandikwa, huenda walikuwako wengine zaidi ya watatu ambao hawakuandikwa.

Majirani nao walikuwa vivyo hivyo. Tanzania iliripoti vifo 3,256 na WHO ikakadiria 16,252. Uganda iliripoti 3,503, na makadirio yakawa 12,036.

Ni lazima tuwe waangalifu hapa. Makadirio si hesabu ya maiti. WHO hutumia njia za kihisabati kwa nchi ambazo daftari zao za vifo hazijakamilika, na hesabu ya namna hiyo inaweza kupita kiasi au kupungua. Ukweli huenda uko mahali fulani kati ya tarakimu hizo mbili. Lakini pengo la zaidi ya watu 10,000 kwa mwaka mmoja si kosa dogo la karani. Ni dalili kwamba njia ya habari, kutoka kando ya barabara hadi kwenye meza ya wanaokata shauri, ina mashimo mengi.

Mashimo hayo yako wapi?

Tumfuate mgonjwa mmoja wa kubuni ili tuone habari zinavyopotea.

Tuseme mwanamke mmoja anavuka barabara karibu na Malava saa moja jioni. Anagongwa na pikipiki. Mwendeshaji anaanguka pia, lakini anaamka na kuchechemea. Watu wanakusanyika, wanasaidiana kumpakia mama huyo kwenye gari la msamaria mwema, na anakimbizwa katika hospitali ya Malava. Polisi hawakuitwa. Pande mbili zinajuana, na wazee wamesema gharama za matibabu zitazungumzwa nyumbani.

Shimo la kwanza limekwisha kutokea. Kwa kawaida, ajali ikiripotiwa, polisi huiandika katika kitabu cha matukio cha kituo, ambacho wengi hukiita OB, kisha hujaza fomu ya ajali iitwayo P41. Hiyo ndiyo fomu inayotakiwa kueleza mahali, saa, aina ya gari, hali ya barabara na walioumia. Ajali ya mama yetu haimo katika OB wala katika P41. Kwa upande wa serikali, haikutokea.

Huko hospitalini, mhudumu anaandika “amevunjika mguu na kuumia kichwa”. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Madaktari wana orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa, na katika toleo lake la kumi, ajali za usafiri zilipewa alama zake zenyewe kuanzia V01 hadi V99. Alama hizo hutenganisha aliyekuwa akienda kwa miguu na aliyekuwa kwenye pikipiki au ndani ya basi. Daftari likisema “mguu” tu, hatujui kama alianguka kutoka juu ya mwembe au aligongwa. Hilo ni shimo la pili.

Mama anazidiwa na kuhamishiwa hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega. Anakaa siku tisa, kisha anafariki. Kwa kipimo cha kimataifa, mtu akifa ndani ya siku 30 baada ya ajali, kifo chake huhesabiwa kuwa cha ajali. Lakini hata kama polisi wangekuwa wamemwandika siku ya kwanza, wangemwandika kuwa majeruhi. Ili abadilishwe kuwa marehemu, ni lazima mtu fulani apeleke habari kutoka wodini hadi kituoni. Asipokuwapo wa kuzipeleka, mama hubaki majeruhi milele katika daftari hilo. Shimo la tatu.

Na lau jamaa wangeamua kumrudisha nyumbani akafia huko, kifo kingeandikishwa kwa naibu wa chifu, ambaye ndiye wakala wa uandikishaji vijijini. Naye huandika aelezwalo. Akiambiwa “aliugua kwa muda mfupi”, huandika hivyo. Hilo ni shimo la nne.

Ndivyo mtu mmoja anavyoweza kupita katika daftari nne na asionekane kuwa mhasiriwa wa barabara katika hata moja.

Wanaopotea si wa namna moja

Lingekuwa jambo jepesi kama habari zingepotea sawasawa. Kama kila ajali ingekuwa na nafasi ileile ya kuandikwa, tungezidisha tu na kupata jumla. Lakini sivyo ilivyo. Basi likipinduka, polisi huja, wapiga picha huja, na kila jina huandikwa. Magari mawili yakigongana, wenyewe huenda kituoni kwa sababu kampuni ya bima haitalipa bila karatasi ya polisi. Bali mtu akianguka na baiskeli, au mtoto akigongwa na bodaboda, au abiria wa pikipiki akiserereka kwenye murram usiku, nani ataenda kituoni, na kutafuta nini?

Hivyo daftari la polisi huonyesha zaidi ajali za wenye magari, na huficha zile za maskini. Anayekata shauri kwa daftari hilo peke yake atajenga barabara kwa faida ya walioandikwa.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kuna njia panda mbili. Katika ya kwanza, polisi wameandika ajali sita kwa mwaka, zote za magari kukwaruzana. Katika ya pili wameandika mbili. Fedha ziko za kujenga matuta mahali pamoja tu. Kwa daftari la polisi, matuta yatakwenda njia panda ya kwanza. Lakini tuseme hospitali iliwapokea watu 15 waliovunjika mifupa katika ile ya pili, wengi wao wakiwa abiria wa pikipiki na wapita njia. Daftari mbili zikiwekwa pamoja, shauri hubadilika kabisa. Matuta ni yaleyale na fedha ni zilezile, lakini moja ya mashauri hayo huokoa watu na jingine huokoa rangi za magari.

Kadhalika, idadi peke yake inaweza kudanganya. Mahali penye ajali 10 ambapo hupita magari 5,000 kwa siku si hatari kuliko mahali penye ajali sita ambapo hupita magari 1,000 tu. Ukigawanya, utaona kwamba kwa kila gari lipitalo, pale pa pili ni hatari mara tatu. Ndiyo maana wahandisi husisitiza kuhesabu magari na watu wapitao, si ajali pekee.

“Kosa la dereva” si jibu

Mara nyingi ripoti ya ajali huishia kwa maneno mawili: kosa la dereva. Ni kweli kwamba madereva hukosea. Lakini daktari hawezi kuandika “kosa la mgonjwa” na kufunga faili.

Daktari mmoja wa Marekani, William Haddon, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya usalama wa barabara ya serikali ya nchi yake katika miaka ya 1960, alifundisha njia nyingine. Alisema kila ajali itazamwe katika nyakati tatu: kabla ya kugongana, wakati wa kugongana, na baada yake. Kisha katika kila wakati yaangaliwe mambo matatu: mtu, chombo, na mazingira.

Tuitumie njia hiyo kwa ajali ambayo wakazi wa nchi ya miwa wanaielewa vizuri: gari dogo kuingia nyuma ya trela ya miwa usiku. Kabla ya kugongana, tuulize: je, dereva alikuwa amelewa au amechoka? Je, trela ilikuwa na vibandiko vya kuakisi mwanga na taa za nyuma? Je, ilikuwa imeharibika na kuachwa barabarani, na kulikuwa na bega la barabara la kuiegesha? Wakati wa kugongana: je, waliokuwa ndani walifunga mikanda? Je, miwa ilikuwa imejitokeza nje ya trela? Baada ya kugongana: ambulensi ilichukua dakika ngapi? Damu ilikuwapo hospitalini?

“Kosa la dereva” hufuta maswali hayo yote. Fomu iliyojazwa vizuri huyaweka hai. Baada ya mwaka mmoja wa fomu nzuri, mtu anaweza kusema kama tatizo kubwa ni taa za trela, au ni trela zilizoharibika, au ni mwendo wa kasi, au ni watoto wanaokimbilia trela zikitembea ili wachomoe miwa. Kila moja lina dawa yake. La kwanza ni kazi ya wenye trekta na viwanda. La pili linahitaji bega la barabara, na hilo ni jukumu la mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. La tatu ni la polisi na wahandisi. La nne ni la wazazi, walimu na wasimamizi wa usafirishaji wa miwa. Bila takwimu, kila mmoja humnyoshea mwenzake kidole.

Picha ya jana si ya leo

Mwaka 2003 wataalamu wa Kenya, wakiwamo Wilson Odero na Meleckidzedeck Khayesi, walichapisha uchunguzi uliotazama ajali za miongo mitatu. Waliona kwamba waendao kwa miguu na abiria walikuwa asilimia 80 ya waliokufa. Waliona pia kwamba mijini hufa zaidi waendao kwa miguu, ilhali kwenye barabara kuu zipitazo mashambani hufa zaidi abiria.

Mwaka uliofuata, Februari 2004, zilianza kutumika kanuni ambazo wananchi walizipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na marufuku ya abiria kusimama ndani ya matatu. Dawa ilifuata ugonjwa ulioonekana, yaani abiria wa matatu. Mwanzoni vifo vilivyoandikwa vilipungua, lakini baadaye vikapanda tena.

Kisha hali ikabadilika. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na bodaboda zikajaa kila kijiji. Hivi sasa, katika takwimu za mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, waendao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaokufa, na waendesha pikipiki wamekuwa kundi kubwa linalowafuata. NTSA iliandika vifo 4,324 mwaka 2023 na 4,748 mwaka 2024. Anayepanga mambo ya Kabras ya leo kwa picha ya mwaka 2003 atashughulika na matatu na kuisahau pikipiki.

Takwimu pia hutuonyesha kama dawa imefanya kazi. Hapa kuna mtego ambao hata wakubwa hunaswa nao. Mahali pakiwa na ajali nyingi mwaka huu, mwakani mara nyingi zitapungua hata kama hakuna lililofanywa, kwa kuwa mwaka mbaya hufuatwa na mwaka wa kawaida. Tukijenga matuta baada ya mwaka mbaya na ajali zikapungua, hatuwezi kusifu matuta papo hapo. Inafaa kuwa na hesabu za miaka kadhaa kabla na baada, na kulinganisha na sehemu ambayo haikujengwa matuta.

Tunayoyajua tayari

Haya yote hayana maana kwamba tukae tukisubiri takwimu. Yapo mambo ambayo yamekwisha kupimwa kwingineko na ni ya kweli hata Malava. Kwa mujibu wa WHO, mwendo wa magari ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Mtu mzima anayegongwa na gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa, uwezekano wake wa kufa ni chini ya asilimia 20. Likiwa na mwendo wa kilomita 80, hukaribia asilimia 60. Kofia ngumu ya pikipiki, ikivaliwa na kufungwa sawasawa, hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kwa hiyo tunajua dawa. Tusichokijua vizuri ni tuzitie wapi kwanza, kwa kuwa fedha hazitoshi kila mahali. Hiyo ndiyo kazi ya takwimu.

Nini kifanyike

Jambo la kwanza halihitaji mtambo wala mkopo. Mara moja kwa mwezi, karani wa rekodi wa hospitali, askari wa trafiki na naibu wa chifu wanaweza kukaa meza moja na kulinganisha orodha zao za ajali: tarehe, mahali, umri, jinsia na aina ya chombo. Majina hayana haja ya kutoka nje ya chumba hicho. Siri ya mgonjwa ni haki yake. Yule aliye katika orodha moja na hayumo katika nyingine ndiye anayeonyesha shimo lilipo.

La pili, mahali paandikwe kwa usahihi. “Barabara ya Kakamega–Webuye” si mahali, ni safari. “Mita 200 kutoka shule fulani, upande wa Webuye” ni mahali. Siku hizi simu nyingi za mkononi zinaweza kuonyesha hata nukta yenyewe kwenye ramani.

La tatu ni la wahudumu wa afya: neno moja tu la ziada katika daftari la wagonjwa. Pamoja na “amevunjika mguu”, iandikwe “pikipiki”, “matatu”, “trekta” au “kwa miguu”.

Na la nne ni letu sote. Ukipata ajali au ukiishuhudia, piga simu 999 au 112, na ripoti kituoni hata kama mmeelewana. Kuelewana juu ya gharama si kosa, lakini kusiwe sababu ya kuificha ajali. Ukimpeleka majeruhi hospitalini, eleza alivyoumia, wapi na saa ngapi. Jamaa yako akifariki wiki kadhaa baada ya ajali, mwambie daktari au naibu wa chifu kwamba chanzo kilikuwa ajali. Maneno hayo hayamrudishi marehemu, lakini yanaweza kumfanya mhandisi aliyeko Nairobi ajue kwamba mahali fulani kati ya Lubao na Malava pana kona inayoua.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa barabara zetu, daftari tupu ndilo linaloficha maradhi. Kwa mama yule wa mfano wetu, wino wa mstari mmoja ungetosha kumweka katika hesabu. Na kwa yule atakayevuka mahali palepale kesho jioni, mstari huo unaweza kuwa tuta, taa, au kivuko.